Chungwa Lililotulia

Chungwa liliteremka tena. Lilianzia mlangoni, likapita chini ya meza, likagonga ukuta wa mwisho na kutulia hapo kama mtu aliyefika kwake.

"Bado, mwanangu," alisema mama mkwe wa kinyozi kutoka kwenye kiti chake nje, huku akichomoa pamba sikioni ili asikie jibu. Kila asubuhi aliamka na pamba masikioni. Kinyozi aliamini ni kwa ajili ya baridi.

"Litatulia, Mama. Ni hili gurudumu la kushoto tu."

Kinyozi hakuwahi kusimamisha karavani maishani mwake. Hii ilikuwa ya shemeji yake: chumba kizima juu ya magurudumu, chenye kitanda, meza na dirisha la pazia. Gari lilikuwa limeivuta hadi nyuma ya nyumba, mahali ambapo ardhi ilikuwa na mabonde na vilima kama kichwa kilichonyolewa kwa haraka. Shemeji alimwachia jeki na pimamaji ya kupimia usawa, akaondoka akicheka.

Lakini kinyozi hakuwa na nafasi ya kukata tamaa. Tangu mama mkwe aje kuishi nao, mkewe alikuwa amemweleza kwa upole, akitazama pembeni, kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini.

"Sitaki kumtaja mtu," alisema mkewe. "Tumtafutie tu mahali pake, pazuri, asijione amefukuzwa. Ila leo karavani isipolalika, mimi nahamia kwa dada. Macho yangu yamekuwa kama ya bundi."

Kinyozi alizidi kumpenda kwa adabu ile. Yeye mwenyewe hakuwa amesikia chochote, maana akilala hulala kama gogo. Lakini nyumba bila mke ni jiko bila moto, naye hakuwa tayari kubaki peke yake na mama mkwe na chungwa lake.

Akapiga magoti kando ya gurudumu, akafumba macho. "Ee Mola," alinong'ona, "anayekoroma katika nyumba hii mtoe alale nje, kwa amani, bila ugomvi wala aibu."

"Amina," alijibu mama mkwe, tena kwa moyo wote.

Kinyozi alitamani ardhi immeze, hata hiyo yenye mabonde. Kumbe mama alikuwa anasikia. Kumbe alijijua, na bado akaitikia. Unyenyekevu ulioje!

Akainua upande wa kushoto kwa jeki, akasukuma ubao chini ya gurudumu, akashusha. Kiputo cha pimamaji kikakimbilia kulia. Akatoa ubao, akaweka mwembamba zaidi. Kikakimbilia kushoto. Ilikuwa kama kusawazisha masharubu: unapunguza huku, kule kunazidi, unarudi huku, na mwisho mteja anaondoka bila masharubu. Lakini alivumilia. Alipopata ubao wa kadiri, akabana magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, karavani isije ikaondoka na mtu usingizini. Kisha akazungusha mkono wa gurudumu dogo la mbele mpaka kiputo kikasimama katikati, kimetulia kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Mwisho akateremsha miguu ya chuma kwenye kona zote, kila mguu juu ya kipande chake cha mbao. Akaingia, akarukaruka. Hakuna kilichotikisika.

Akaweka chungwa mlangoni. Likabaki pale pale.

Mama mkwe akaingia, akalitazama chungwa, akamtazama mkwewe. "Lala kidogo hapo kitandani."

"Mimi, Mama?"

"Wewe ndiye mwenye mwili. Kikikubeba wewe, kitambeba yeyote."

Akalala.

"Miguu haigusi ukuta?"

"Haigusi, Mama."

"Na huwa unapenda dirisha liwe upande gani?"

"Kichwani," alijibu, akifurahi kwamba hata katika jambo lake mama alitaka ushauri wa kijana. Godoro lilikuwa laini, mgongo ulikuwa umechoka, na sakafu ilikuwa sawa kabisa. Akasema atafumba macho kidogo tu.

Alipoamka jua lilikuwa limegeuka. Kupitia dirishani alimwona mkewe na mama mkwe wamesimama kwenye mlango wa jikoni, wameinamisha vichwa, wakisikiliza kwa makini kama watu wanaongoja habari redioni.

"Haisikiki," alisema mama mkwe.

"Haisikiki hata kidogo," alisema mkewe, na machozi yakamlengalenga.

Kinyozi akatoka akijinyoosha. "Nini hakisikiki?"

"Hiyo miguu ya chuma, mume wangu. Hailii hata mtu akijigeuza. Umefanya kazi ya maana."

Alioga akiimba. Jioni, baada ya kula, alimshukuru Mungu kwa sala ndefu kidogo, akatandika shuka mwenyewe kule karavanini, akaning'iniza taa na kuweka chungwa mezani kama pambo. Kisha akarudi ndani, akaingia chumba cha mama mkwe na kuinua sanduku lake kwa heshima zote.

"Twende nikusindikize, Mama."

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, anatupa pamba zake kwenye kikapu cha taka, moja baada ya nyingine.

"Hilo liweke chini, mwanangu," alisema. "Lako tumeshalitanguliza, na mto wako tumeuweka upande wa dirisha."