Mgonjwa wa Chumba cha Mwisho

Jumanne, tarehe 14 Mei 1968. Asubuhi hiyo Mahajanga ilifunikwa na ukungu mwembamba, na upepo ulileta harufu ya matope mekundu ya mto. Oumouri alisimama ameuegemea mlango wa chumba chake, na wanawake wa ua walikuwa mbele yake.

“Fungua tumwone,” alisema Nadjati. Kifuani alimshika paka wake mdogo, aliyekuwa hoi tangu juzi. “Kama mgonjwa wako hatoki, huyu wangu kaambukizwa na nani?”

“Hatoki, dada yangu.”

“Apa basi kwamba umemfungia humo ndani.”

Oumouri aliinamisha kichwa. Hakuapa.

Alikuwa mtu wa Andilana, kule Nosy Be. Alihamia Mahajanga baada ya kumzika mkewe, akapata kazi ya kutia viraka magunia bandarini. Ua mzima ulikuwa wa Wangazija, watu wa ukoo mmoja, na yeye hakuwa ndugu wa mtu. Mwaka wa kwanza alipewa mkono Ijumaa tu, msikitini. Siku nyingine zilipita hajaisikia sauti yake mwenyewe ila ndani ya sala.

Kisha, mwezi wa Ramadhani, paka wa mitaani alimfuata kutoka sokoni. Alikuwa jike la kijivu, mbavu nje, fizi nyeupe kama karatasi, mdomo umejaa vidonda. Oumouri alimtia kikapuni akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari, aliyezoea ng’ombe, alicheka. Alipomfungua paka mdomo, aliacha kucheka.

“Ni saratani ya damu ya paka,” alisema. “Haiponi. Mtu haimdhuru, lakini paka wengine wakila naye sahani moja, watakufa. Mfungie ndani, mtibu vidonda, mlishe vizuri. Utakuwa naye miezi michache.”

Oumouri aliwaambia majirani yote hayo mwenyewe, paka wao wasije wakadhurika.

Katika ua ule, mgonjwa huulizwa hali kila asubuhi, na anayeuliza haji mikono mitupu. Nadjati ndiye aliyeanza, kwa mzaha: “Bwana Oumouri, mgonjwa kaamkaje?” Wenzake wakacheka. Yeye akajibu kwa dhati: “Kanywa mchuzi vijiko vinne, alhamdulillahi.”

Kesho yake walimuuliza tena, na keshokutwa. Vikaanza kuja vichwa vya samaki. Koko Chamsia, bibi mwenye ua, alileta asali ya kupaka vidonda. Wakikaa kumsikiliza habari za paka, walimuuliza pia habari za Nosy Be, na siku moja, jina la marehemu mkewe. Hayrat, aliwaambia. Lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu ahame.

“Siku hizi anakula sana,” aliwaambia kila asubuhi ya mwezi wa Aprili, akipokea vichwa vya samaki kwa mikono miwili. Kisha alikwenda kazini na mfuko wake wa ukili, kunguru wakimfuata hadi ufukweni.

Na sasa walikuwa wamemzunguka mlangoni.

“Mwenye paka aliye ndani haogopi kufungua!” alisema Nadjati. “Ama huyo paka atoke, ama bwana huyu arudi kwao Nosy Be.”

Wenzake waliitikia. Oumouri alifumba macho, midomo yake ikicheza kwa dua.

Koko Chamsia alipita katikati yao na fimbo yake.

“Nipishe, mwanangu.”

“Koko, nakuomba.”

“Nitaingia peke yangu.”

Alimpisha. Bibi aliingia, akaurudisha mlango nyuma yake.

Ndani mlikuwa na kitanda, msala, na sindano ya magunia imechomekwa ukutani. Kikapu kilikuwa pembeni, kitambaa chake kimekunjwa, kikavu. Sahani ilikuwa safi, ina vumbi. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Nje, chini yake, kando ya ukuta, palikuwa na kifusi kidogo cha udongo, na juu yake mrehani, kama watu wanavyowapandia wafu wao. Ulikwisha kufika magotini.

Koko Chamsia alikaa humo kitambo. Alipotoka, aliufunga mlango vizuri, akasimama kando ya Oumouri.

“Nadjati, huyo wako ana minyoo, mtazame tumbo. Paka wa humu hajamgusa.” Kisha akapandisha sauti hadi ua mzima ukasikia. “Na mbele yenu nyote naahidi: kila asubuhi Mungu atakayoniamsha, nitagonga mlango huu mimi mwenyewe, na kichwa cha samaki mkononi, niulize mgonjwa kaamkaje.”