Kiti cha Ndugu

Pazi aliwasha king'ora kabla hata mlango wa nyuma haujafungwa. Kwenye machela alikuwa amelala Mwanaamina, mkewe.

Simu ilikuwa imesema tu kwamba kuna mwanamke ameanguka na bodaboda huko Magindu, afuatwe haraka. Pazi alipofika akaiona kanga ya zambarau aliyoinunua mwenyewe, akashika kichwa. Firdausi, muuguzi anayefanya naye kazi, alitaka waombe dereva mwingine. Angetoka wapi? Gari la wagonjwa lilikuwa moja, na dereva wa zamu alikuwa yeye. Wanakijiji walipojua kuwa huyu ndiye mume, hawakuona haja ya mtu mwingine kupanda. Kiti cha mbele, ambacho siku zote hukaliwa na ndugu wa mgonjwa, kikabaki kitupu.

Vumbi likatimka. Pazi alishika usukani kwa mikono miwili, lakini masikio yake yote yalikuwa nyuma, kwenye ukuta wa bati uliomtenga na mkewe.

Yeye ndiye aliyemfundisha Firdausi matumizi ya ukuta ule, binti alipoanza kazi. Mgonjwa akikata roho njiani, gonga mara tatu. Dereva atapunguza mwendo, maana hakuna sababu ya kuwaua wazima kwa kumkimbiza marehemu. Ila king'ora kisizimwe, na ndugu asiambiwe neno mpaka gari lisimame. Kuna mama wa Kibuta aliyewahi kuambiwa njiani, akafungua mlango gari likiwa mbioni.

Sasa Pazi alimwomba Mungu asisikie chochote kwenye bati lile. Alikumbuka Mwanaamina alivyozoea kumtania: "Mume wangu, lini utanipakia kwenye gari lako lenye kelele, na mimi nipishwe barabarani?" Naye humjibu kwamba gari lile si la matembezi. Machozi yakamjaa, akayafutia begani.

Walipokuwa kwenye lami, alishindwa kuvumilia.

"Firdausi, vipi huko?"



"Tunakaribia, kaka Pazi. Wewe angalia barabara."

Bado palikuwa mbali, lakini sauti ya binti ilikuwa tulivu, na bati lilikuwa kimya. Pazi akakanyaga mafuta. Gari liliruka tuta, vyuma vikalia, na bado hakuna aliyegonga. Kila walivyosonga ndivyo moyo wake ulivyozidi kufunguka. Mwanaamina alikuwa mbishi tangu usichana wake, angekubalije kushindwa na bodaboda?

Pale Kwa Mathias mabasi yalijibana pembeni, na wachuuzi wakavuta mabeseni yao ya machungwa. Barabara yote ikawa yake.

"Unaona, mke wangu," alisema kwa sauti. "Wanakupisha."

Akipona, aliwaza, atamwombea ruhusa ampakie siku moja akiwa mzima, amzungushe hata uani tu, akiwasha kelele anazozipenda.

Aliingia geti la hospitali bila kupunguza mwendo, akafunga breki, akaruka chini. Alikuwa karibu kucheka. Akafungua mlango wa nyuma kwa pupa.

Dripu ilikuwa imefungwa. Kanga ya zambarau ilikuwa imevutwa mpaka juu, ikaufunika uso. Kando yake Firdausi alikaa ameshikilia chuma cha machela, macho yamemvimba.

"Saa ngapi?" Pazi aliuliza.

"Hata lami tulikuwa hatujaifikia."

Pazi aliupiga mlango kwa kiganja. "Mbona hukugonga? Nimekimbia vile, ningetuua sote. Mbona hukugonga, Firdausi?"

Firdausi alishuka, akamshika mkono kama anavyowashika wote wanaofika pale.

"Kaka Pazi," alisema, "leo ndugu wa mgonjwa ulikuwa wewe."