Cheche Kabla ya Wakati

Kiki ya pikipiki ilimrudi ugokoni kama teke la punda. Mshonaji akaruka nyuma, akakaa kitako kwenye sakafu ya banda, mguu kaushika kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema tu, "Mapema mno," kana kwamba yupo mtu wa kumjibu.

Pikipiki ile kongwe ilikuwa ya mumewe, na haikuwahi kuwaka tangu wiki ile alipoondoka, miaka miwili na miezi minne iliyopita.

Miaka kumi na tisa ya ndoa, kazi yake bandani ilikuwa kushika tochi. Mume aliinama, mke akamulika. Bisibisi hakupewa hata siku moja. "Mikono yako ni ya vitambaa, mke wangu," mume alimwambia. Yeye akicheka, mwanga ukacheza, mume akang'aka. Lakini macho hayakukatazwa kujifunza. Alizijua platini, vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikiachana tu, cheche inaruka. Alijua mwanya wake hauzidi unene wa ukucha. Alijua pia kwamba cheche ikiruka kabla ya wakati wake, injini inampiga teke aliyeipanda.

Mwanzoni watu walimjaa nyumbani. Mashemeji, majirani, wateja wa cherehani, kila mmoja na pole yake, mpaka viti havikutosha. Baada ya wiki tatu zikabaki simu. Kisha simu nazo zikakatika. Nguo za mumewe alikuja kuzichukua wifi yake. Alizikunja, akazibeba kwenye masanduku mawili bila kumtazama usoni.

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile. Sasa alipika chakula cha mtu mmoja na bado kikabaki. Kitandani alilala upande uleule wa ukutani. Upande wa pili shuka lilikaa wiki nzima bila kukunjamana.

Mchana ule mdogo wake alipopita kumjulia hali, alimkuta na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Dada, uza hicho chuma. Hapa ingekaa cherehani ya pili."

"Si changu nikiuze."

"Ni cha shemeji, najua. Na huko aliko anakihitaji cha nini?"

Mshonaji alizipitishia platini kipande cha msasa, pole pole, mpaka weusi ukatoka.

"Miaka miwili, dada! Watu wanakusema. Mwachie aende."

"Ndicho ninachofanya. Nipe hiyo karatasi, halafu mulika hapa."

Ilikuwa karatasi nyembamba ya kunakilia mitindo ya nguo, kaikata ukanda mdogo. Aliibana katikati ya platini, akaivuta kidogo kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akazungusha gurudumu la injini kidogo kidogo. Karatasi ilitakiwa ichomoke pale alama ya gurudumu itakapofika kwenye mfuo uliochongwa kwenye ganda la injini, si kabla wala baada. Ikachomoka kabla. Ndiyo sababu ya teke lile.

Alilegeza skrubu mbili, akasogeza sahani ya platini kwa unene wa uzi. Akajaribu tena. Safari hii karatasi ilikawia. Akarudisha nusu ya uzi.

"Unanitania," alisema mdogo wake. "Nusu ya uzi unaionaje?"

"Siioni. Naisikia vidoleni."

Akazungusha. Alama ikaufikia mfuo, na papo hapo karatasi ikamteleza mkononi, laini, kama uzi unapokatika kwenye sindano. Akakaza skrubu, akarudisha kifuniko, akapanda.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu, injini ikashika, ikanguruma mpaka makopo ya rangi yakaanza kutembea juu ya rafu. Mdogo wake alipiga makofi na tochi mkononi, mwanga ukaruka huku na kule. Kichwa cha mzee wa jirani, dereva mstaafu, kikachomoza juu ya ukuta.

"Salaale! Nikadhani mwenyewe karudi!" Kisha akatambua alichokisema, akajifunika mdomo. "Samahani, mama."

"Hapana neno, mzee wangu."

Aliiacha ingurume. Aliweka kiganja juu ya tangi, akasimama hivyo, kichwa kainamisha upande mmoja, mpaka mlio ukatulia na kwenda sawasawa. Alipoizima, banda likawa kimya kuliko mwanzo. Mdogo wake alimsogelea, akamfuta shavu kwa ukingo wa khanga, na wote wawili wakajifanya ni grisi.

Jua lilikuwa bado halijashuka alipobaki peke yake. Alinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya unga. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaitafuta kwenye simu namba ambayo hakuwahi kuifuta wala kuipiga. Iliita sana.

"Imewaka," alisema. "Njoo uichukue."

Mumewe akauliza ni fundi gani aliyeitengeneza, akilazimika kupaza sauti, maana nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.