Pole, Babu

Kila Jumamosi asubuhi mimi hufika wa kwanza, nikapanga viti na kuwasha kompyuta za chama chetu. Tuko watu tisa tunaotumia mfumo wa kompyuta ambao hata walioutengeneza wameuacha. Leo nilikuwa nimewasha mbili tu mwenyekiti, fundi saa, aliponizuia.

“Ngoja kwanza, dada. Ile programu ya kufufua mafaili haina mwenyewe. Ikituharibikia tutamlilia nani? Naifuta.”

“Ifute! Inanitania,” mwanachama mwenzetu, mshonaji, akadakia akiingia na wengine. “Ikishindwa inaandika, ‘Pole, babu, nimejitahidi.’ Mimi, mama wa watoto watatu, babu?”

Wote wakacheka, ila fundi saa. Aliinama karibu na kioo cha kompyuta, kidole chenye mafuta ya saa kwenye ukucha kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

“Lakini kwa nini babu?” akauliza taratibu. “Babu yupi huyu?”

Niliacha kompyuta ya tatu, nikamsogelea.

“Alikuwa akifuta barua za marehemu bibi kwa bahati mbaya,” nikasema.

Wakanigeukia. Mshonaji akaacha kucheka.

“Nani huyo, mwanangu?”

“Babu yangu. Programu niliiandika mimi, kwa ajili yake. Naombeni msiifute.”