Kenge Alivyodai Nyumba ya Kaa

Kaa aliweka rehani shimo lake la ufukweni kwa Kenge, apate chakula cha kulisha wanawe. Dhoruba ikaja, ikazoa kome wote aliotarajia kulipia deni. Kenge akafika mbio, anachekelea.

"Mama Kaa, muda umekwisha. Hama."

"Bwana Kenge, niongezee muda mpaka kome warudi."

"Hapana. Nyumba ni yangu."

Kaa akawatoa wanawe, Kenge akajitosa ndani. Mara bahari ikaanza kujaa. Maji yakaingia, kuta zikaanza kuporomoka, mkia wake ukanasa.

"Mama Kaa, mlango huu unazibwaje?"

"Kwa mchanga, kila maji yakijaa. Huziba mimi na wanangu."

"Basi rudini! Mtalipa kome wakirudi."

Wakamvuta nje kwa shangwe, wakaingia, wakaziba mlango.