Spika Mbili

Kila siku ya soko, baa ya Kitheka na duka la nyimbo za injili la Mama Syombua, ng'ambo ya barabara, hushindana kwa spika hadi mbuzi wanakata kamba. Ndinda alipita katikati, kofia ameishusha usoni. Prodyuza wake alikuwa amemwonya kuhusu albamu yake mpya ya muziki wa kantri: imepigwa msasa kupita kiasi, walevi wataiona laini, waumini wataiona ya kidunia.

Leo spika zote mbili zilitoa sauti ya Ndinda, wimbo uleule, ya baa ikitangulia mstari mmoja.

"Wewe Kitheka!" Mama Syombua alifoka. "Rudisha nyuma kidogo, twende pamoja!"

Kitheka, asiyewahi kumsikiliza hata siku moja, akarudisha.

Ndinda akavua kofia.