Upande Ulioota

Mwatima alifungua kilemba, akaketi mkekani mbele ya mama yake, Bi Riziki, na kuinamisha kichwa. Nywele zilikuwa zimemtoka utosini, kama zilivyomtoka bibi yake mzaa mama. Kwa miezi kadhaa daktari alikuwa akimtoa damu, akiizungusha kwenye mashine mpaka maji yake ya manjano yajitenge, kisha akimchoma nayo kichwani. Upande wa kulia alitia yaliyozungushwa mara moja, wa kushoto mara mbili, ili waone upi utaota vizuri zaidi. Daktari alisema ni kushoto. Mwatima alipojitazama kwenye kioo hakuona tofauti.

"Mama, wewe ndiye uliyenisuka tangu utotoni. Nipapase uniambie, upande gani umeota?"

Bi Riziki hakuwa akiona tena, na kumbukumbu nazo zilikuwa zikimponyoka. Vidole vyake vilipita kulia, vikapita kushoto, vikarudi utosini penye ngozi tupu na kutulia hapo.

"Mama," akaita Bi Riziki kwa sauti ya kitoto, "ulikwenda wapi siku zote hizi?"

Mwatima alitaka kumwambia kwamba yeye ni mwanawe, kwamba bibi alizikwa zamani. Lakini mikono ile ilikuwa imemshika kichwa kama inayoogopa kunyang'anywa.

"Nimerudi, mwanangu," akasema.

Bi Riziki akacheka, akalaza shavu lake juu ya utosi ule. Mwatima akabaki ameinama, shingo ikimuuma, asithubutu kuinua uso.